Cheti cha helikopta hakijui kama uko Wilson

Mzani ulio mlangoni mwa hanga yetu pale Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, umenigombanisha na watu wengi. Safari hii ilikuwa zamu ya mzee mmoja na wanawe wawili, na mabegi manne ambayo kwenye simu yalikuwa mawili. Ilikuwa saa nane mchana, nyuzi 26. Nilipomwambia mawili yafuate kwa gari, alinionyesha viti kwa kidole.

"Kapteni, viti ni vinne, na sisi na wewe ni wanne. Ndege ina cheti cha serikali. Sasa unakataa nini?"

Nimefundisha urubani wa helikopta miaka mingi na swali hilo bado naliona zuri. Wanafunzi wangu wengi hulijibu vibaya siku ya mtihani wa mdomo. Husema uzani wa juu kabisa ulioidhinishwa ni "uzani ambao helikopta inaweza kubeba." Sivyo. Ni uzani ambao hutakiwi kuuzidi hata ukiwa ufukweni Mombasa alfajiri ya Julai na upepo mzuri wa kusi usoni. Kama itaubeba pale uliposimama, hilo cheti hakikuahidi.

Helikopta ndogo, zile zisizozidi kilo 3,175 na abiria 9, hupimwa Marekani kwa kanuni za Sehemu ya 27 za mamlaka yao ya anga, FAA. Ulaya wana CS-27, ambayo inafanana nazo sana. Ndani ya Sehemu ya 27 kuna kifungu cha 27.49, na ningekuwa na uwezo ningekibandika ukutani kwenye kila hanga ya Afrika Mashariki. Kinataka helikopta ya injini ya turbini, ikiwa na uzani wake wa juu, iweze kuelea, yaani kusimama hewani, karibu na ardhi kwenye kimo cha futi 2,500, katika joto linalozidi la kawaida kwa nyuzi 22. Ya injini ya pistoni inatakiwa ifike futi 4,000 katika hali ya hewa ya kawaida. Hicho ndicho kima cha chini. Kwa kuelea juu, mbali na ardhi, mtengenezaji anatakiwa apime na kuandika matokeo, lakini hakuna kimo alichowekewa kwamba lazima akifikie.

Wilson iko futi 5,500 na ushei.

Yaani helikopta inaweza kupita mitihani yote, ikapewa cheti bila doa, ikaletwa Nairobi, na ikashindwa kunyanyua uzani wake wa juu ikiwa bado imeegeshwa nyumbani kwake. Hakuna aliyedanganya hapo, maana kanuni haikuandikwa na mtu aliyekuwa anawaza nyanda za juu za Kenya.

Na hizo futi 5,500 ni za ramani tu. Rota, ile inayozunguka juu ya helikopta, haisomi ramani, inahisi hewa. Hewa ya kawaida ya vitabuni ina nyuzi 15 usawa wa bahari, na hupoa nyuzi 2 hivi kila ukipanda futi 1,000. Kwa hiyo Wilson ingetakiwa kuwa na nyuzi 4. Mchana ule zilikuwa 26, zimezidi kwa 22. Kila nyuzi inayozidi, ongeza kama futi 120. Utapata futi 8,100 na kitu, na hapo ndipo rota ilidhani iko. Mimi hukiita kimo cha hewa. Mombasa, kukiwa na nyuzi 32 na watu wanalia joto, kimo cha hewa hakifiki hata futi 2,500.

Wengi huita zile bleidi mapanga, lakini ni mabawa yanayozunguka. Yanachota hewa kutoka juu na kuisukumiza chini, na kule kusukumiza ndiko kunakotubeba. Chukua AS350 B3, helikopta ya turbini ambayo mtu yeyote anayeishi karibu na Wilson anaujua mlio wake. Rota yake ina kipenyo cha mita 10.69, na uzani wake wa juu ni kilo 2,250. Ukipiga hesabu, ikielea usawa wa bahari katika nyuzi 15 inalazimika kuipitisha hewa kwenye rota kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Mchana wa nyuzi 26 pale Wilson hewa imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo ile iliyopo lazima isukumwe kwa kasi zaidi, mita 11.3. Nguvu inayohitajika kwa kazi hiyo inapanda kwa asilimia 13. Na wakati rota inadai zaidi, injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi na inatoa pungufu. B3 ina nguvu za akiba, inavumilia. Helikopta ya pistoni isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, haina akiba hiyo, na ndiyo tuliyokuwa tumesimama mbele yake na yule mzee.

Sasa kuhusu kuelea karibu na ardhi. Vijana hufundishwa kwamba chini ya helikopta kuna "mto wa hewa", na nimeshawahi kumpata mmoja aliyedhani ni mto wa maji. Hakuna mto wowote, wa kulalia wala wa kuvuka. Ardhi inaizuia hewa isishuke haraka, kwa hiyo kila bawa linakutana na hewa inayoshuka polepole na linanyanyua zaidi kwa nguvu ileile. Ukipanda juu zaidi ya kipenyo kimoja cha rota, msaada huo umekwisha. Kwenye nyasi ndefu au mteremko hupungua hata ukiwa chini. Ndiyo maana kitabu cha helikopta kina chati mbili za kuelea, moja ya karibu na ardhi, nyingine ya mbali nayo.

Mimi nilisoma chati isiyo yangu mara moja. Ulikuwa ukingo wa Bonde la Ufa, futi 7,000, nyuzi 24, kimo cha hewa karibu futi 9,800. Uwanja wa kutua ulikuwa tambarare, majani yamekatwa vizuri, nikatumia chati ya karibu na ardhi na hesabu ikakubali. Nikanyanyua, nikaelea futi tatu bila shida, nikasogea mbele. Mita kumi na tano hivi baadaye, ukingo ukapita chini ya miguu yangu, na ardhi iliyokuwa inanisaidia ikawa iko chini kabisa. Helikopta ikazama. Mkono wangu wa kushoto ukavuta juu wenzo wa kunyanyulia kabla sijafikiri, kosa la pili, maana injini ilikuwa imeshatoa yote iliyokuwa nayo. Rota ikapungua mzunguko, honi ya onyo ikaanza kulia, na pua ikaanza kugeuka yenyewe. Rota ya mkia, ambayo ndiyo huizuia pua isigeuke, imefungwa kwa gia moja na ile kubwa. Mzunguko ukishuka hadi asilimia 95, msukumo wa mkia unabaki kama asilimia 90, wakati ndio unahitajika kuliko wakati wowote. Nikashusha mkono, nikaelekeza pua bondeni na kuiacha ishuke na mteremko hadi mwendo ulipopatikana. Kama mbele kungekuwa na miti badala ya bonde, leo mngesoma blogu ya mtu mwingine.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa karata yake. Mwanawe alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba helikopta imetua kilele cha Everest. Ni kweli. Rubani Mfaransa Didier Delsalle, tarehe 14 Mei 2005, kwa AS350 B3 hiyohiyo, akakaa kileleni dakika tatu na ushei. Lakini alikuwa peke yake, helikopta imevuliwa kila kisicho cha lazima, na aliutumia upepo unaopanda mlimani. Nikamwambia mzee kwamba Delsalle hakuwa na begi hata moja. Mwanawe mdogo akacheka, baba yake hakucheka.

Nikampa njia nyingine. Aje kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kukiwa na nyuzi 13, kimo cha hewa pale Wilson kinashuka kwa kama futi 1,500, na kwa helikopta yenye uzani wa kilo 1,100 hivi hizo ni karibu kilo 50. Mabegi yake mawili yalikuwa na kilo 46, nilikuwa nimeshayapima.

Akatazama saa yake, akatazama wanawe. Saa kumi na mbili na nusu, akasema, hata mayai hayajaiva. Mabegi yakapanda gari.