Kuridhika na kazi na uaminifu wa mfanyakazi

Ukipita Majengo hapa Dodoma utaona karatasi zimebandikwa kwenye milango ya maduka: "Anahitajika mfanyakazi, awe mwaminifu." Mwenye duka anamaanisha mtu asiyedokoa mauzo. Wataalamu wa rasilimali watu wakitaja uaminifu wa mfanyakazi wana maana pana zaidi: moyo wa kushikamana na mahali pa kazi, kupatetea, na kutoyumba akiitwa kwingine. Mtu anaweza asiguse hata shilingi ya tajiri wake, na kila jioni yuko kwenye simu anatafuta kazi nyingine.

Kuridhika na kazi ni hisia njema anayoipata mtu anapoipima kazi yake na kuona inampa anachokithamini. Ndivyo alivyoieleza Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1976.

Kwa kawaida aliyeridhika hahami ovyo. Ila wengi hukosea hapa: kubaki si lazima kuwe kuridhika. Mwaka 1991 wanasaikolojia John Meyer na Natalie Allen wa Kanada walieleza kwamba mtu hubaki kwa kuwa anapapenda, au kwa kuwa akiondoka atapata hasara, au kwa kuwa anaona ana deni la fadhila. Mtumishi aliyehamia Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, kutoka Dar es Salaam, akajenga jirani, Ihumwa, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, anaweza kukaa miaka kumi bila kuipenda ofisi yake hata siku moja. Kinachomshika ni mkopo. Kuridhika huzaa zaidi ule ubakiaji wa kwanza, wa kupenda.

Je, mshahara? Frederick Herzberg, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1959, aliuweka pamoja na usimamizi na mazingira ya kazi: vikiwa vibaya vinaudhi, vikiwa vizuri vinaondoa manung'uniko tu. Kinachomfanya mtu aipende kazi ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kupewa dhamana. Kwa mtu anayelipa kodi ya chumba na ada za watoto, naona Herzberg aliupunja mshahara uzito. Kwenye dhamana, hata hivyo, nakubaliana naye kabisa.

Namfahamu kijana aliyekuwa akiuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alishika funguo na daftari la madeni. Duka la jirani lilimwahidi mshahara mkubwa zaidi, akakataa. Nilipomuuliza sababu, alisema: "Bosi kabla hajaagiza mabati ananiuliza mimi, tulete geji gani." Mwaka uliofuata akaja mpwa wa bosi, akapewa daftari na funguo. Mshahara wa kijana haukuguswa, wala hakugombezwa. Miezi miwili baadaye alihamia duka jingine, kwa mshahara ule ule.