Maana ya "kutofungamana na upande wowote"

Vita vinapozuka kokote duniani, haipiti muda kabla msemaji wa serikali hajasema kwamba nchi yetu, Tanzania, inafuata siasa ya kutofungamana na upande wowote. Maneno hayo yamerudiwa mno, hata wasikilizaji wengi wanayachukua kuwa njia ya adabu ya kusema kwamba nchi haina la kusema. Hiyo siyo maana yake, na mjadala wa sera ya mambo ya nje unapata hasara kubwa ikiwa maana hiyo potofu itaachwa iote mizizi.

Kitenzi chenyewe kinatoa mwanga. Vitu vilivyofungamana ni vile vilivyoshikana kiasi kwamba ukivuta kimoja kingine nacho kinakuja, kama matawi ya miti iliyoota karibu karibu. Nchi iliyofungamana na dola kubwa ni ile ambayo dola hilo likiingia vitani, nayo imekwisha kuingia kabla Bunge lake halijakutana. Nchi isiyofungamana ina marafiki, ina mikataba, inapokea misaada, na inaweza hata kuegemea upande mmoja katika jambo fulani. Ila uamuzi wa kuegemea ni wake yenyewe, na unahusu jambo hilo tu. Ndiyo maana haifanani na Uswisi, ambayo mataifa ya Ulaya yaliitambua mwaka 1815 kuwa nchi isiyoingia katika vita vya wengine. Nchi zisizofungamana hazikujiwekea mwiko wa aina hiyo. Nyingi zilisaidia waziwazi vita vya ukombozi.

Dhana hii ilikomaa wakati wa Vita Baridi, yaani ushindani kati ya kambi ya Magharibi iliyoongozwa na Marekani na ile ya Mashariki iliyoongozwa na Umoja wa Kisovieti. Nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia, mwezi Aprili 1955, na Septemba 1961 wakuu wa nchi wakafanya mkutano wao wa kwanza Belgrade, wakiwemo Tito wa Yugoslavia, Nehru wa India, Nasser wa Misri, Sukarno wa Indonesia na Nkrumah wa Ghana. Miezi michache kabla ya hapo, kikao cha maandalizi kilichofanyika Cairo kilikuwa kimeweka masharti ya kualikwa: nchi iwe na sera yake huru, iunge mkono harakati za ukombozi, isiwe katika umoja wa kijeshi uliotokana na ushindani wa madola makubwa, na kama ina mkataba wa kijeshi na dola kubwa au imeliruhusu dola hilo kuweka kituo cha kijeshi, jambo hilo lisiwe limefanywa kwa ajili ya ushindani huo. Sharti hili la mwisho lina mwanya mpana. Djibouti ni mwanachama wa umoja wa nchi zisizofungamana uliotokana na mkutano huo wa Belgrade, na katika ardhi yake kuna vituo vya Marekani, Ufaransa, Japani, Italia na China. Kenya nayo ni mwanachama, na Juni 2024 Marekani iliipa hadhi ya mshirika wake mkuu wa kijeshi asiye ndani ya NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Hadhi hiyo haiilazimishi Kenya kumpigania mtu yeyote, lakini Wakenya wana haki ya kuuliza inawafunga kwa kiasi gani.

Kwa upande wa Tanzania, sera hii ilipimwa mapema, na kisa hicho kinaifafanua vizuri kuliko tamko lolote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Ujerumani Mashariki, wakati Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi. Muungano wa Aprili 1964 uliziweka Ujerumani zote mbili ndani ya nchi moja. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni, iliyojulikana kwa jina la Hallstein, ya kutokubali kwamba nchi rafiki iitambue Ujerumani Mashariki. Mwanzoni mwa 1965 Tanzania ilitafuta njia ya kati: haikuitambua rasmi Ujerumani Mashariki, bali iliiruhusu kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ukiwemo wa kufundisha marubani. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kuitaka iondoe na misaada mingine ya serikali yake, kwa kuwa msaada unaotumiwa kumwamulia mtu nani awe rafiki yake hauwezi tena kuitwa msaada. Kazi ya kufundisha wanajeshi ilikuja kuchukuliwa na Kanada, nchi ya kambi ileile ya Magharibi. Tanzania ilikuwa imekataa sharti, wala haikuwa imehamia kambi ya Mashariki.

Desemba mwaka huohuo ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (sasa Zimbabwe), koloni lake ambalo walowezi wa kizungu walikuwa wamelitangazia uhuru bila yeye kuwazuia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi maskini iliyojua thamani ya kila senti ilikubali kulipa gharama hiyo.

Anayesafiri leo kutoka Makambako kwenda Mbeya anaweza kuiona sera hii kwa macho. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa kwa msaada wa Marekani. Na bomba la mafuta la TAZAMA lilijengwa na Waitalia. Zote tatu zilihitajika ili Zambia iache kutegemea njia za kusini zilizoshikwa na walowezi.

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa na 35 zilijizuia, zikiwemo Tanzania, Uganda na Burundi. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikubali. Siku chache kabla ya hapo, balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa ameeleza katika Baraza la Usalama kwamba Afrika ilikubali kuishi na mipaka ya wakoloni ili isiingie katika vita visivyokwisha. Msingi huo ulipitishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964, na Nyerere alikuwa mmoja wa waliousimamia. Kwa hiyo Kenya haikuivunja siasa ya kutofungamana ilipopiga kura ya ndiyo: ilitoa hukumu yake juu ya jambo moja, kwa sababu iliyoitaja hadharani. Kujizuia pia kunaweza kuwa hukumu halali, mathalani kwa nchi inayotaka kubaki na sauti kwa pande zote mbili ili isaidie upatanishi. Lakini serikali inayojizuia inawiwa na wananchi wake maelezo ya aina hiyohiyo, yanayotaja jambo lenyewe na sababu yake, kwa sababu jina la sera haliwezi kushika nafasi ya sababu.