Nukta za kaboni: mng'aro wa mimea unaofichua metali majini

Nukta za kaboni ni chembe ndogo mno za kaboni, kwa kawaida zisizofika upana wa nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ziligunduliwa Marekani mwaka 2004, watafiti walipokuwa wakisafisha neli za kaboni na kukuta masalio yanayong'aa. Ukizimulika kwa taa ya urujuanimno, nazo hutoa mwanga wake, mara nyingi wa buluu.

Malighafi yake imetuzunguka hapa Mombasa: maganda ya machungwa yanayotupwa Marikiti, au majani ya mwarobaini. Huoshwa, hukatwakatwa, hutiwa maji safi na kufungiwa ndani ya chombo cha chuma cha pua chenye kikombe cha Teflon. Chombo hukaa kwenye tanuri la nyuzi 160 hadi 200 kwa saa kadhaa. Mvuke hauna pa kutokea, shinikizo hupanda, na sukari na asidi za mmea hupoteza maji yake zikashikamana kuwa kaboni. Kinachochujwa ni kimiminika cha kahawia, kama chai ya rangi. Gizani, chini ya taa ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, chai hiyo huwaka buluu.

Mmea huziachia nukta hizo oksijeni, na pengine naitrojeni, kwenye uso wake. Hapo ndipo ayoni za metali, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, hunasa. Ayoni ya chuma yenye chaji tatu, kwa mfano, ikishanasa hupokea elektroni iliyoamshwa na taa kabla haijatoa mwanga. Mng'aro hufifia, na kadiri metali inavyozidi ndivyo giza linavyozidi. Mashine hupima kiasi cha kufifia, kikalinganishwa na maji ambayo kiwango chake cha metali kinajulikana.

Kwetu jambo hili ni zito. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walidhurika na metali ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi majini haina rangi wala harufu, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi maikrogramu 10 kwa lita. Kipimo cha bei nafuu ningetamani kifike kila mtaa wenye kisima.

Ila mwanga kuzimika si ushahidi kamili. Nukta nyingi za mimea huzimwa upesi na chuma, na zebaki na shaba pia huzizima. Kisima chenye bomba lililoota kutu kinaweza kuzima mng'aro wote pasipo chembe ya risasi. Maji yenye rangi nayo humeza mwanga wa taa yenyewe. Ndiyo maana watafiti huongeza floridi ili kukifunga chuma kwanza, na hujaribu metali moja moja kuona ni ipi hasa inayozima nukta zao. Baada ya hapo sampuli yenye shaka hupelekwa maabara, ikapimwe kwa mashine inayotambua kila metali kwa mwanga ambao atomi zake hufyonza.