Fangasi kwenye mpira wa mkojo: tunayoambiana mitaani na ukweli wenyewe

Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda, amejifunga kikoi, mfuko wa mkojo umelazwa sakafuni karibu na kandambili zake. Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, wazee wa tezi dume wanaosubiri upasuaji wakiwa na mpira, ule unaopitishwa hadi kibofuni kutoa mkojo, si wachache. Binti yake alinipa shikamoo na karatasi ya maabara: mkojo una fangasi. Kisha akashusha sauti. "Dada nesi, mama kahamia chumba cha nyuma. Anasema hizi fangasi baba kazitoa nje."

Naanza na hilo kwa sababu linavunja nyumba.

"Fangasi za mkojo ni ugonjwa wa zinaa." Hapana. Fangasi inayoonekana zaidi kwa mtu mwenye mpira ni kandida, na kandida huishi mdomoni na tumboni mwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Mpira unaipa njia tu. Hupanda kwa nje, kati ya mpira na ngozi, au kwa ndani kutokea kwenye mfuko, hasa pale maungio ya mpira na mfuko yanapofunguliwa ovyo. Kisukari huipa nguvu. Antibayotiki nazo, kwa kuwa huua bakteria waliokuwa wakiibana. Nilimwomba mama aje akae nasi, nikayaeleza haya mbele ya mumewe, wala si pembeni.

"Kapsuli ya fangasi ya duka la dawa itamaliza." Mzee alishazimeza mbili. Hapa ndipo tunapopotea wengi, maana tunadhani fangasi zinaelea kwenye mkojo kama majani kwenye chai. Zinazoelea ni chache. Nyingine zimenata kwenye mpira wenyewe, zimezaana, zimetoa nyuzi, halafu zimejifunika utando zinaoutengeneza zenyewe. Ni ukoga, kama ule wa meno. Maabara zimeonyesha kwamba utando wa kandida unaweza kukomaa ndani ya siku moja au mbili. Flukonazoli, ndiyo dawa iliyo kwenye kapsuli hizo, hufika vizuri sana kwenye mkojo, lakini utando huinasa kabla haijazifikia seli za chini, na seli hizo huhimili dawa kwa kiwango kikubwa mno kuliko zile zinazoelea. Ukimaliza dozi, ukoga unamwaga fangasi upya, na karatasi ya maabara inarudi vilevile. Ukoga wa meno hauondoki kwa kusukutua, unasuguliwa. Mpira hausuguliki kwa ndani, kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni kuutoa. Na kama bado unahitajika, unawekwa mpya.

Jambo jingine kuhusu hizo kapsuli. Mzee huyu ana kisukari na anameza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Flukonazoli huifanya glibenklamidi ikae mwilini kwa nguvu zaidi, na sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. Tafadhali msimnunulie mgonjwa dawa hii bila daktari kujua anatumia nini kingine.

Tulipoubadilisha mpira kule zahanati, nilimwonyesha binti ncha iliyokuwa kibofuni. Ilikuwa na utelezi mweupe kama wa mtungi usiosuguliwa siku nyingi. Nilipoipitisha kati ya vidole vya glavu nikahisi chengachenga, kama mchanga laini. Hizo ni chumvi zinazoganda pale bakteria wa aina fulani wanapobadili hali ya mkojo. Bakteria hao na fangasi huweza kuishi pamoja kwenye utando mmoja, na chenga hizo ndizo huziba mpira usiku wa manane.

"Maadamu unatoa mkojo, uacheni." Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuota kwenye mkojo huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Mpira wa silikoni hudumu zaidi, lakini nao hushika ukoga, tofauti na wanavyodhani baadhi ya wauzaji.

"Karatasi ikisema fangasi, lazima dawa." Si lazima. Asiye na homa wala maumivu mara nyingi hahitaji dawa ya fangasi. Wanaotibiwa hata bila dalili ni wachache: wenye upungufu mkubwa wa chembe nyeupe za damu, watoto njiti wenye uzito mdogo sana, na wanaokaribia kupasuliwa njia ya mkojo. Mzee wetu yumo katika hao wa mwisho, kwa hiyo karatasi yake ni lazima imfikie daktari wa upasuaji. Tena mkojo wa kipimo uchukuliwe baada ya kuweka mpira mpya. Wa mpira wa zamani hueleza zaidi habari za ukoga kuliko za kibofu.

Kuhusu kuchomoa maungio na kupitisha maji ya chumvi au siki: acheni kabisa, mnafungua mlango wa vijidudu. Maji na sabuni ya kawaida panapoingilia mpira, kila siku, vinatosha, na mikono inawiwe kabla na baada ya kuushika. Kumnyima mgonjwa maji ili mfuko usijae haraka nako kunamuumiza. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu.

Akipata homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni, akianza kuweweseka, au mfuko ukikaa mtupu huku tumbo la chini linajaa, mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo.

Niliporudi siku ya tatu, mfuko ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kanga kwenye mbao za kitanda, umeiacha sakafu. Mama alikuwa chumbani, amekaa miguuni mwa mumewe. Alinyoosha kidole kwenye kalenda ya ukutani, akaniuliza, "Mwanangu, huu nao unatoka lini?" Nikamsomea tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, akaizungushia kalamu mwenyewe.