Malkia Victoria hakumpa mtu yeyote Kilimanjaro

Ukitazama ramani, mpaka wa Kenya na Tanzania unapanda kutoka Vanga pwani, unajikunja kuuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria. Wengi tumeambiwa kwamba kona hiyo ni zawadi ya siku ya kuzaliwa: eti Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mlima huo mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani.

Tarehe zinakataa. Mpaka huo uliafikiwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Kaisari wakati huo alikuwa Wilhelm I, babu yake Wilhelm II. Mjukuu wa Victoria alitawazwa Juni 1888.

Kilichoukunja mstari ni mikataba ya machifu. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata mkataba wa ardhi Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke akafika Moshi na kutiliana mkataba na Mangi (chifu) Rindi, aitwaye pia Mandara. Hivyo wagawaji wakaandika kwamba mstari ufike Ziwa Jipe, uvuke Mto Lumi, upite katikati ya Taveta na Uchaga, kisha ufuate kitako cha kaskazini cha mlima. Taveta ikabaki kwa Waingereza, Uchaga ukaenda kwa Wajerumani pamoja na mlima wake. Kutoka hapo wakapiga rula hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Wamasai waliokatwa katikati na rula hiyo hawakuulizwa.