Kulipia Safari ya Meli kwa Pointi za Umiliki wa Zamu: Maana Yake na Gharama Yake Halisi

Umiliki wa zamu ni mpango ambao watu wengi hununua haki ya kutumia jengo moja la likizo, kila mmoja kwa muda wake katika mwaka, badala ya mtu mmoja kulimiliki peke yake na kuliacha limefungwa miezi kumi na moja. Hapo awali haki hiyo ilikuwa wiki maalumu: aliyenunua wiki ya 32 alijua kwamba kila mwaka, wiki ya 32 ikifika, nyumba ni yake na familia yake, na wiki nyingine zote ni za wenzake. Utaratibu huo ulikuwa mgumu kwa yeyote ambaye likizo yake ya kazini au shule za watoto wake zilibadilika, na ndiyo sababu pointi zikaingia. Hapimag, kampuni iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1963, ni miongoni mwa zilizotangulia kuwapa wanachama pointi badala ya wiki, na Disney ilipofungua klabu yake ya likizo huko Florida mwaka 1991, iliijenga juu ya pointi tangu mwanzo.

Pointi, kwa asili yake, ni kipimo cha kugawana usiku wa kulala katika majengo ambayo wanachama wenyewe wameyalipia. Kila mwaka mwanachama hupewa idadi yake, naye huzitumia kwa kufuata jedwali: chumba kidogo katika msimu mtulivu huhitaji pointi chache, na chumba kikubwa wakati wa sikukuu huhitaji nyingi. Mipango mingi humruhusu kuzihamishia mwaka unaofuata zile ambazo hakuzitumia, au kuzikopa za mwaka ujao. Jambo ninalotaka msomaji alishike hapa ni kwamba jedwali hilo la vyumba lina mipaka. Katika klabu ya Disney, kwa mfano, jumla ya pointi za mwaka mzima kwa nyumba fulani haiongezwi, hivyo usiku mmoja ukipandishwa, usiku mwingine sharti ushushwe. Mwanachama ana ulinzi, kwa sababu vyumba ni vile vile na pointi ni zile zile.

Meli haiko ndani ya ulinzi huo. Hata pale ambapo kampuni ya meli na klabu ya likizo ziko chini ya mwenye mali mmoja, wanachama hawakununua sehemu yoyote ya meli, na chumba cha melini lazima kilipiwe fedha taslimu na mtu fulani. Kinachofanyika ni hiki: mwanachama anakabidhi pointi zake, msimamizi wa mpango anazichukua pamoja na usiku wa vyumba unaotokana nazo, anawapangishia wageni wengine vyumba hivyo kwa fedha, kisha anatoa sehemu ya fedha hizo kulipia nauli ya meli. Kwa hiyo ile inayoitwa kulipa kwa pointi ni mauzo mawili yaliyofichwa ndani ya tendo moja, na msimamizi ndiye anayepanga bei ya kununulia pointi za mwanachama. Anaweza kuibadilisha, na hakuna jedwali la vyumba linalomzuia.

Njia nyingine hupitia kampuni za kubadilishana, zinazowawezesha wanachama wa mipango mbalimbali kubadilishana likizo zao, kama RCI iliyoanzishwa mwaka 1974 na Interval International ya mwaka 1976. Huko mwanachama huweka wiki au pointi zake, kisha hupewa punguzo katika nauli ya safari aliyoichagua, na kinachobaki hukilipa mwenyewe kwa kadi. Mtu akiambiwa kwamba atabadilishana likizo yake na safari ya meli, aulize mara moja kama ni kubadilishana kamili au ni punguzo tu.

Sasa tuitazame karatasi ya makadirio ambayo familia ya watu wanne ingepokea. Katika mstari wa juu, penye nauli, pameandikwa sifuri, na hapo ndipo macho ya wengi huishia. Chini yake kuna kodi na ada za bandari kwa kila msafiri, mtoto mchanga akiwemo, ambazo kwa kawaida hazilipiki kwa pointi. Kuna ada ya kufanya ombi lenyewe. Kuna bakshishi ya wahudumu, inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku. Vinywaji vingi, intaneti na matembezi ya nchi kavu havimo kabisa. Vilevile ni vyema kujua kwamba nauli za meli hupangwa kwa kuchukulia watu wawili katika chumba kimoja, na mtu wa tatu na wa nne mara nyingi hutozwa nauli ndogo kuliko wale wawili wa kwanza. Kwa hiyo familia inayolipa fedha taslimu hupata nafuu fulani, nafuu ambayo huenda isionekane kwa kiwango hicho hicho katika jedwali la pointi.

Mfano wa hesabu utasaidia, na tarakimu zake nimezichagua kwa ajili ya kueleza tu. Tuseme mwanachama ana pointi 150 kwa mwaka, alizinunua kwa dola 24,000 kwa mkataba wa miaka 40, na hulipa ada ya matunzo ya dola 8 kwa kila pointi kila mwaka. Mkataba mzima utampa pointi 6,000, kwa hiyo bei ya ununuzi ni dola 4 kwa pointi, na ukijumlisha ada, pointi moja humgharimu dola 12. Safari ya siku saba kwa watu wanne inauzwa dola 5,000, yaani nauli ya 4,400 na kodi za 600. Mpango unadai pointi 450: za mwaka jana alizozihamisha, za mwaka huu, na za mwaka ujao alizozikopa. Pointi hizo zimemgharimu dola 5,400, bado atalipa 600 za kodi, na jumla ni dola 6,000 kwa kitu ambacho jirani yake asiye mwanachama analipia 5,000.

Wapo wanaopinga hesabu hiyo, nao wana hoja ya kweli. Wanasema kwamba dola 24,000 zilikwisha kutoka mfukoni miaka mingi iliyopita, na ada ya mwaka italipwa hata familia ikikaa nyumbani, kwa hiyo si haki kuzihesabu tena leo. Mimi naona hoja hiyo ni sahihi kwa mtu mmoja na ni hatari kwa mwingine. Anayefikiria kununua, na anayeambiwa na muuzaji kwamba pointi zitampeleka baharini, lazima ahesabu gharama yote, kwa kuwa kwake hakuna shilingi iliyokwisha kutoka. Aliyekwisha kuwa mwanachama aache kabisa swali la pointi zilimgharimu kiasi gani, na aulize zingeweza kumpatia nini kama angezitumia penginepo.

Jibu la swali hilo mara nyingi huumiza. Ikiwa chumba cha kawaida katika majengo ya mpango wake kinahitaji pointi 15 kwa usiku, pointi 450 ni usiku 30 wa familia nzima kulala, dhidi ya siku saba melini. Na ikiwa mkataba unamruhusu kuwapangishia wengine pointi zake, tuseme kwa dola 14 kila moja, angepata dola 6,300, angelipia safari ile ile taslimu na kubakiwa na 1,300 kabla ya kodi ya mapato. Akilipa taslimu ana faida nyingine ambayo watu huisahau: anaweza kuvizia punguzo, kuchagua kampuni yoyote ya meli, na kubadilisha chumba bei ikishuka.

Hata hivyo sisemi kwamba njia hii haifai kamwe. Pointi ambazo muda wake unakaribia kwisha, ambazo haziwezi kuhamishwa tena wala kupangishwa kwa sababu vyumba vizuri vimekwisha kuchukuliwa, thamani yake inaelekea sifuri, na kuzigeuza kuwa punguzo la nauli ni kuziokoa. Ninachokiogopa zaidi ni kukopa pointi za mwaka ujao, kwa maana mwaka huo ukifika ada italetwa kama kawaida na familia haitakuwa na usiku hata mmoja wa kulala.

Kabla ya kufikia uamuzi, mwanachama ahakikishe kwamba pointi zake zinakubalika. Si pointi zote zina haki sawa: katika klabu ya Disney, walionunua kutoka kwa mwanachama mwingine kuanzia tarehe 21 Machi 2011, badala ya kununua kwa kampuni yenyewe, hawawezi kuzitumia kwa safari za meli za Disney. Bei huwa nafuu katika ununuzi wa namna hiyo, na mimi naamini kwamba kukosa haki ya meli si hasara kubwa, lakini ni jambo la kulijua kabla ya kutia sahihi. Anayetia sahihi kisha akajuta ana muda mfupi wa kurudi nyuma. Sheria ya Florida humpa siku 10 za kuvunja mkataba, na katika nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14.

Limebaki suala la kufuta safari. Kampuni za meli hutoza adhabu inayozidi kukua kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, na mwenye kulipa fedha taslimu hurudishiwa fedha zilizobaki baada ya adhabu hiyo. Mwenye kulipa kwa pointi huweza kurudishiwa pointi ambazo ni lazima azitumie ndani ya muda mfupi, au pointi za mwaka ambao umekwisha kupita. Kwa hiyo mtoto akiugua wiki mbili kabla ya safari, tofauti ya njia hizi mbili itaonekana papo hapo, na maelezo yake yamo katika masharti ya kufuta, ambayo familia inapaswa kuyaomba kwa maandishi siku ile ile inapoomba makadirio ya pointi.