Kabla ya kurekodi mhadhara: namna ya kumsaidia mhadhiri kujenga kozi ya mtandaoni

Mhadhiri akiambiwa kozi yake inahamia mtandaoni, jambo la kwanza analouliza huwa ni kamera. Kamera ingoje. Kinachotangulia mezani ni muhtasari wa kozi na idadi ya krediti zake, maana hapo ndipo ukubwa wa kazi yote unapojulikana.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na kwa muhula wenye wiki 15 mwanafunzi anadaiwa saa 8 kwa wiki: kusoma, kutazama, kufanya zoezi, kuandika, kujiandaa na mtihani, vyote humo humo. Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila wiki, kisha andika kila shughuli na dakika zake. Ukurasa wa kitabu cha takwimu wenye kanuni na majedwali usiukadirie chini ya dakika 5. Jedwali hilo ndilo linaloumbua kosa la kurundika: mhadhara wa saa mbili, sura tatu za kitabu, jaribio, mjadala, na ukijumlisha unakuta saa 14. Mwanafunzi hatayamaliza yote. Atachagua yenye alama, mengine atayapita.

Baada ya hesabu hiyo, anza na mwisho. Mtaalamu wa kubuni mafunzo akikaa na mhadhiri, amuulize: mwisho wa wiki ya tatu mwanafunzi awe anaweza kufanya nini, na utamjuaje kuwa anaweza? Jibu la swali la pili ndilo zoezi la wiki. Video na maandiko vinachaguliwa baadaye, vile tu vinavyomfikisha kwenye zoezi hilo. Wahadhiri wengi hukwama hapa, kwa kuwa wamezoea kuanza na slaidi walizo nazo.

Mfano ni mada ya wastani na thamani ya katikati katika kozi ya utangulizi wa takwimu. Mjadala unaosema “Jadili tofauti ya vipimo hivi viwili” utavuna majibu 80 yaliyonakiliwa, na “Asante mwalimu, nakubaliana na mwenzangu” nyingi kuliko unavyotaka kusoma. Badala yake, kila mwanafunzi aende sokoni kwao, aandike bei ya kilo ya nyanya kwa wauzaji 10, akokotoe vipimo vyote viwili, kisha aeleze kipi kinamfaa mtu anayepanga bajeti ya mama lishe na kwa nini. Bei za Kariakoo na za Njombe hazitafanana, kwa hiyo kunakili hakusaidii, na sasa kuna cha kubishania. Wagawe katika vikundi vya watu 8 hadi 12. Kundi la watu 80 huwanyamazisha wengi, na mhadhiri mwenyewe hawezi kulisoma.

Sasa video. Utafiti wa Philip Guo na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulichambua mara milioni 6.9 ambazo video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilitazamwa, ukakuta kwamba muda wa kati wa kutazama hauvuki dakika 6, video iwe ndefu kiasi gani. Kwetu kuna sababu nyingine, nayo ni bando. Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa kwa megabiti 5 kwa sekunde ni GB 2.25, kwa wiki 15 ni karibu GB 34, kwa kozi moja tu. Video ya dakika 6 kwa megabiti 0.5 kwa sekunde ni MB 23 hivi, na kwa slaidi zenye sauti ubora unatosha kabisa kwa sababu picha haibadilikibadiliki. Weka pia sauti peke yake: dakika 10 kwa kilobiti 32 kwa sekunde hazifiki MB 3.

Kinachoharibu rekodi kwa kawaida ni sauti. Chumba chenye marumaru na kuta tupu kina mwangwi. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo zilizoning’inia ni studio nzuri kuliko ukumbi wa mikutano. Zima feni. Tumia kipaza sauti cha waya wa masikioni, na kisikwaruzane na kola ya shati. Usitaje tarehe wala “mtihani wa mwezi ujao”, ili video ifae na mwakani.

Nakala za kitabu zilizopigwa picha na kugeuzwa PDF ni tatizo mara tatu: ni nzito, programu ya kumsomea mwanafunzi asiyeona haiambulii neno, na kupandisha kitabu kizima kunagongana na hakimiliki. Vitabu huria, kama vya OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, vinaziba sehemu ya pengo hilo bure.

Majaribio yanahitaji uangalifu zaidi, maana hapo ndipo malalamiko yanapozaliwa. Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kagua muda ukiisha mfumo utafanya nini. Ukichagua kwamba lazima mwanafunzi akusanye mwenyewe kabla ya muda kwisha, aliyekatikiwa na umeme dakika ya mwisho anapata sifuri. Chagua majibu yakusanywe yenyewe. Majibu sahihi yaonekane baada ya jaribio kufungwa kwa wote, la sivyo wa kwanza kumaliza atayatupia kwenye kundi la WhatsApp. Muda wa mwisho usiandike 00:00 ya Ijumaa, kwa sababu hiyo ni Alhamisi usiku na nusu ya darasa itachelewa. Andika 23:59. Darasa la watu 600 usiliingize wote saa 2:00 kamili asubuhi: seva hulemewa dakika ile ya kuanza. Wapangie zamu, na kwa jaribio la maswali 10 weka walau 30 kwenye benki ya maswali ili kila zamu ipate yake.

Mkuu wa idara naye ana sehemu yake. Kozi ianze kujengwa muhula mmoja kabla, na mhadhiri apunguziwe vipindi muhula huo. Asipopunguziwa, kozi itajengwa usiku wa wiki ya mwisho, na hakuna warsha ya siku mbili inayotibu hilo.

Kozi ikishafunguliwa, siku ya kumi tazama ripoti ya walioingia. Asiyeonekana mpigie simu au mtumie ujumbe mfupi. Tangazo ndani ya mfumo asioingia halimfikii. Na baada ya kila jaribio fungua takwimu za maswali. Swali ambalo wanafunzi wazuri wamelikosa na dhaifu wamelipata, kagua kwanza jibu uliloweka kuwa sahihi. Likiwa limekosewa, lirekebishe na uamuru mfumo usahihishe upya, kabla alama hazijatangazwa.